Moshi Mweusi Mlimani: Kabla Hujanunua Sensa Nyingine ya Hewa

"Nina pikapu ya dizeli ya lita 3.0, injini ya kompyuta yenye tabo, ya mwaka 2011. Imetembea kilomita 268,000. Nabeba vitunguu na kabeji kutoka Naivasha kuleta Marikiti mara tatu kwa wiki. Tangu nibadilishiwe klachi miezi miwili iliyopita, nikianza kupanda kutoka Mai Mahiu na mzigo inatoa moshi mweusi mpaka matatu za nyuma zinanipigia honi, na nguvu hakuna. Kwenye tambarare moshi ni kidogo. Kuna sauti kama mluzi nikikanyaga sana, lakini fundi alisema ni tabo tu, ndivyo zinavyolia. Alichomeka mashine ikasoma P0101. Akachomoa sensa ya hewa, moshi ukapungua, akasema sensa imekufa. Nikanunua nyingine Kirinyaga Road kwa 9,500. Moshi ulipungua kweli, lakini gari likawa zito zaidi, na taa ya injini ikarudi baada ya siku nne. Sasa anasema hiyo ilikuwa feki, nitafute ya asili kwa 32,000. Fundi wa pili anasema tuzibe vali ya EGR. Wa tatu anasema ni injekta za kupulizia mafuta, zote nne. Nimsikilize nani? Na nitajuaje kama kweli sensa ni mbovu kabla sijatoa pesa tena?"

Pole kwa hiyo 9,500, na asante kwa kuandika kila kitu, hata yale uliyodhani ni madogo. Kwanza, hizo 32,000 ziache mfukoni. Gari lako sijaliona, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini katika maelezo yako kuna mambo matatu ambayo kwangu ni mazito kuliko P0101: moshi ulianza baada ya kazi ya klachi, unatoka ukiwa na mzigo mlimani, na kuna mluzi. Fundi wako aliyaacha yote matatu akaishika namba.

Basi tuanze na hiyo namba. P0101 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema hesabu ya hewa iliyotoka kwenye sensa haikubaliani na hesabu ambayo kompyuta ilitarajia kwa mwendo ule wa injini. Ni kama karani akikuandikia "hesabu hazilingani". Huenda aliyehesabu alikosea, na huenda mali ilipotea njiani. Sensa ikikatika waya au ikifa kabisa, kwa kawaida mashine husoma namba nyingine: P0102 ishara ikiwa chini kupita kiasi, P0103 ikiwa juu kupita kiasi. Wewe hukupata hizo. Sensa yako ya kwanza ilikuwa hai na ilikuwa inasema kitu. Swali ni kama ilikuwa inasema kweli.

Hiyo sensa imekaa baada ya boksi la filta na kabla ya tabo, ile feni inayosukumia injini hewa kwa presha. Ndani yake mna kipande chembamba sana ambacho umeme unakipasha moto, kikae juu ya joto la hewa inayoingia kwa kiwango kilichowekwa kiwandani. Hewa ikipita inakipoza, kama unavyopuliza uji kikombeni. Sensa inaongeza umeme ili kipande kirudi kwenye joto lake, na umeme ule ulioongezwa ndio hesabu inayopelekwa kwa kompyuta. Hewa nyingi, umeme mwingi. Uzuri wa njia hii ni kwamba inapima uzito wa hewa badala ya ujazo, na kinachochoma dizeli ni uzito. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa ni takriban kilopaskali 83, na kule Mombasa ni 101. Lita moja ya hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sasa kosa ambalo nimelisikia kwa mafundi wazuri kabisa, waliojifunza kwenye magari ya petroli. Kwenye petroli, sensa ya hewa ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie. Ikikosea, mchanganyiko wote unaharibika. Dizeli haiendi hivyo. Kwenye dizeli anayeomba mafuta ni mguu wako. Sensa ina kazi mbili tu za maana. Ya kwanza ni kuweka mpaka: kompyuta inatazama hewa iliyopo na kusema, kwa hewa hii, mafuta yasizidi hapa, tusije tukatoa moshi. Ya pili ni kusimamia EGR, ile vali inayorudisha sehemu ya moshi wa egzosi kwenye njia ya hewa safi. Moshi ukirudishwa mwingi, hewa mpya inayopita kwenye sensa inapungua, na hivyo ndivyo kompyuta inavyojua vali imefunguka kiasi gani.

Tazama hapo kinachofuata. Sensa iliyochoka, inayosoma chini ya ukweli, inaifanya kompyuta idhani hewa ni haba, kwa hiyo inabana mafuta. Gari linakuwa zito, na moshi unapungua. Ili sensa yenyewe ilete moshi mweusi, lazima isome juu ya ukweli, kompyuta idanganyike na kuachia mafuta ambayo hewa yake haipo. Hilo hutokea: vumbi likiganda kwenye kile kipande, sensa huweza kusoma juu wakati hewa ni chache. Hewa ikiwa nyingi, sensa hiyohiyo yenye vumbi mara nyingi husoma chini. Na wewe moshi wako uko wapi? Mlimani, na mzigo, umekanyaga, yaani pale ambapo hewa ni nyingi kuliko mahali pengine popote. Haiingii.

Na lile jaribio la kuchomoa sensa? Naliheshimu kwenye petroli. Kwenye dizeli limewafanya watu wengi watupe sensa nzima. Ukiichomoa, kompyuta haina tena hesabu ya hewa, kwa hiyo inajihami: inafunga EGR na kutumia kiasi cha mafuta cha tahadhari. EGR ikifungwa na mafuta yakibanwa, moshi utapungua katika karibu kila dizeli, sensa iwe nzima au iwe mbovu. Hilo jaribio halikumwambia fundi wako chochote kuhusu sensa. Ile ya 9,500 nayo ilifanya kazi ileile kwa njia nyingine. Sensa nyingi za bei hiyo ni nakala ambazo kipimo chake hakijalinganishwa vizuri. Kama yako inasoma chini, kompyuta ilibana mafuta, moshi ukapungua, gari likawa zito zaidi, na hesabu zikaendelea kutolingana mpaka taa ikarudi. Umeniandikia maneno hayohayo: moshi ulipungua, gari likawa zito.

Kwa nini basi moshi mweusi? Chukua biashara yako. Kijana amekaa getini mwa shamba Naivasha anahesabu magunia yanayopakiwa, anakupigia simu: arobaini. Wewe Marikiti unawaambia wateja arobaini wakusubiri. Gari likifika, magunia ni thelathini na moja. Kijana wa getini hakusema uongo. Magunia yaliangukia njiani, Longonot.

Sensa ya hewa ni huyo kijana wa getini. Inahesabu hewa kabla ya tabo. Tabo inaisukuma kwa presha kupitia mipira na paipu, inapita kwenye intakula ipoe, inaingia kwenye injini. Mpira mmoja ukiwa na ufa, au klampu moja ikiwa imelegea, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje. Kompyuta inaachia mafuta ya magunia arobaini wakati injini imepata thelathini na moja. Mafuta yaliyobaki bila hewa yanatoka nyuma yakiwa masizi. Ufa wa namna hiyo una tabia yake: bila mzigo tabo haisukumi, kwa hiyo haujitokezi, ukikanyaga mlimani, presha inapanda, unafunguka kama mdomo. Na unapiga mluzi.

Ndiyo maana nimeikazia macho ile klachi. Ili kuzifikia boliti za juu za gia boksi, mara nyingi fundi hufungua paipu za hewa zimpishe. Akizirudisha, mpira ukae upande, au klampu ikazwe juu ya ukingo badala ya nyuma yake, au mpira wa miaka mingi upasuke ukigeuzwa. Simlaumu mtu, mwenyewe yamenikuta. Miaka ya kwanza ya gereji yangu nililetewa matatu ya dizeli, nikaibadilishia sensa mbili na kuanza kuitilia shaka tabo, mpaka kijana wangu wa mkono, aliyelala chini kutafuta spana iliyoanguka, akaniita nione tundu upande wa chini wa mpira, kubwa kiasi cha kuingiza kidole gumba. Kutoka juu mpira ulikuwa unang'aa.

Kazi ya kwanza basi haihitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fuata njia nzima ya hewa kutoka kwenye tabo mpaka intakula, na kutoka intakula mpaka kwenye injini. Kila mpira ubonye na uukunje kidogo, upapase upande wa chini usioonekana, tumia kamera ya simu pale kichwa hakiingii. Tafuta mahali penye unyevu wa oili uliokamata vumbi. Tabo yoyote iliyofanya kazi hupitisha ukungu kidogo wa oili, na hewa inapotorokea, oili hiyo inaacha alama. Shika kila klampu. Ikizunguka kwa mkono, hiyo si klampu. Ukikuta mahali pamefungwa kwa waya wa kufungia uzio, umefika. Usiache pia kile kimpira kidogo kinachopeleka presha kwenye sensa ya presha, au vile vya vakyumu vinavyoongoza tabo; kimoja kikichomoka, dalili zinafanana sana na zako.

Macho yasipopata kitu, mwambie fundi apime kwa hewa ya kompresa: anaziba mdomo wa tabo upande wa filta kwa kizibo chenye vali, anaingiza hewa taratibu kupitia kidhibiti, isizidi bar moja, halafu anapaka maji ya sabuni. Povu litasema. Asifungulie kompresa nzima bila kidhibiti. Kizibo kikiruka kinavunja uso wa mtu. Kazi hii si ya siku nzima, na hata ukilipa vizuri haitafika bei ya sensa.

Kazi ya pili ndiyo jibu la swali lako la mwisho, utajuaje kwa hakika. Utajua kwa kuwaita mashahidi wawili na kuwauliza swali moja. Shahidi wa kwanza ni sensa ya hewa, inayoonyesha gramu kwa sekunde kwenye mashine. Wa pili ni sensa ya presha iliyo kwenye njia ya kuingilia injini, inayoonyesha kilopaskali. Mashine nyingi huiandika MAP. Mmoja yuko getini, mwingine yuko sokoni. Hata kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu kinatosha, mradi kionyeshe namba hizo injini ikifanya kazi.

Washa swichi bila kuwasha injini. Hewa haipiti, kwa hiyo sensa ya hewa isome sifuri au karibu nayo. Presha isome kama 83 ukiwa Nairobi. Ikisoma 101 hapa kwetu, shahidi huyo hafai, anakueleza hewa ya Mombasa, na ni yeye wa kuchunguzwa kwanza. Ukiwa juu kule wanakosimama watu kupiga picha Bonde la Ufa, isome chini ya 80. Mashine nyingine huonyesha presha ya tabo peke yake, zikianza na sifuri. Hizo uziongezee presha ya hewa ya mahali ulipo.

Sasa washa injini, ipate moto, iache ikiunguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika. Fanya hesabu nami. Injini yako inavuta lita 3.0 kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni lita 1,200 kwa dakika, lita 20 kwa sekunde. Hapa Nairobi, hewa ikiwa na nyuzi 25, lita moja ina uzito wa karibu gramu 0.97. Hiyo ni gramu 19. Silinda hazijai kabisa, kwa hiyo punguza kidogo, upate takriban gramu 17 kwa sekunde EGR ikiwa imefungwa. Ikifunguka, namba hiyo inashuka, hata kufika nusu, na ni sawa. Mwombe fundi aiamuru vali ifunge na kufungua kupitia mashine: namba ikipanda na kushuka kwa kufuata amri, basi sensa na vali zote mbili ziko hai. Na nilikuambia ushikilie habari ya hewa ya pwani kwa sababu hii: injini hiyohiyo Mombasa ingesoma kama 20. Nimewaona watu hapa mjini wakihukumu sensa nzima kwa sababu ilisoma 17 na mtandaoni walisoma 20.

Lakini ukweli wako uko kwenye mzigo. Tafuta mlima, mtu mwingine aendeshe, wewe au fundi mtazame mashine. Usiendeshe ukitazama simu kwenye mteremko ule, unajua mwenyewe malori yanavyoshuka. Gia ya tatu, kanyaga mpaka mizunguko ifike 3,000, soma namba zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa mizunguko hiyo injini inameza lita 75 kwa sekunde. Tuseme presha inasoma 200 na hewa iliyokwisha kupoozwa ina nyuzi 60. Lita moja ya hewa hiyo ina uzito wa gramu 2.1 hivi. Ukipunguza kwa silinda zisizojaa, unapata karibu gramu 138 kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganisha. Hiyo 200 ni mfano wangu, kila gari lina presha yake, ila hesabu ni ileile.

Presha ikiwa 200 na sensa ikasema 130 hadi 145, mashahidi wamekubaliana. Sensa ni nzima, njia ni nzima, na moshi utafutwe kwenye mafuta. Presha ikiwa 200 na sensa ikasema 90, hapo ndipo sensa inakuwa mshtakiwa wa kweli, kwa sababu sokoni kumefika mali kuliko iliyohesabiwa. Hata hivyo kagua kwanza mpira ulio kati ya sensa na tabo. Ukiwa na ufa, tabo inavuta hewa ya mlango wa nyuma ambayo haikuhesabiwa. Sensa ikisema 135 na presha ikawa 150 tu, ambayo ingetosha gramu 104 hivi, kuna gramu 30 kila sekunde zinazoangukia barabarani, na sensa unayotaka kuitupa ndiyo iliyokuonyesha. Zote mbili zikiwa chini lakini zinalingana, filta imeziba, au tabo imelegea, au egzosi imebanwa. Bahati yangu ningeiweka kwenye ile ya 135 na 150. Fanya jaribio hili sensa yako ya kwanza ikiwa imerudishwa, kwa sababu ile ya 9,500 ni shahidi nisiyemwamini.

Ikitokea kwamba sensa kweli inasoma vibaya, bado usikimbilie duka. Kagua nyaya kwanza. Sensa za pikapu nyingi za Kijapani za rika lako zina nyaya tano, mbili kati yake zikiwa za kupima joto la hewa. Umeme unaoingia uwe sawa na wa betri, na waya wa ethi usipoteze zaidi ya volti 0.1. Panya, maji ya kuosha injini na nyaya za alamu zilizounganishwa kwa selotepu vimeua sensa nyingi kuliko uzee. Kisha ioshe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa ya hewa. Usitumie petroli, dawa ya kabureta, mswaki, wala hewa ya kompresa. Kile kipande hakivumilii. Ipulize, iache ikauke yenyewe, irudishe. Na boksi la filta ulifunge klipu zote, kwa sababu filta isiyokaa vizuri ndiyo inayopitisha vumbi la Mai Mahiu mpaka kwenye sensa.

Kuhusu fundi wa pili na EGR. Hakukosea kabisa kuitaja. Vali iliyokwama wazi kwa masizi inaleta moshi mweusi na kuondoa nguvu, na ndiye mshukiwa wangu wa pili. Lakini ingekuonyesha dalili hata kwenye tambarare, na lile jaribio la kuiamuru ifunge lingeikamata. Kuizibia bati ni jambo jingine. Utapunguza moshi kwa sababu umeondoa gesi chafu kwenye hewa, huku ufa wa mpira ukibaki palepale na tabo ikizunguka kupita kiasi kujaribu kufidia. Kompyuta nayo itaona hewa isiyotarajiwa na taa itarudi. Mimi siizibi, naifungua, nakwangua masizi, naosha njia ya hewa, nairudisha. Kanuni za ubora wa hewa zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinagusa moshi wa magari pia, na sitaki mteja wangu asimamishwe barabarani kwa kazi ya mkono wangu.

Injekta zote nne bila kupimwa? Hapana. Injekta mbovu kwa kawaida hujisema hata gari likisimama: injini inagonga, inatetemeka, inatoa moshi mweupe asubuhi. Mashine inaweza kuonyesha kompyuta inavyoirekebisha kila silinda, na kuna kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila injekta. Akupe namba za nne zote, ndipo mzungumze bei. Na asilegeze paipu ya mafuta injini ikifanya kazi, kama tulivyozoea kwenye pampu za zamani. Presha humo inaweza kupita bar 1,500. Mafuta yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni la hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Mpaka hapo upate jibu, punguza mzigo, panda kwa gia ya chini, usikanyage mpaka sakafuni. Moshi mweusi mlimani maana yake egzosi ina joto kupita kawaida, na tabo ndiyo inayobeba hilo joto. Peleka gari kwa mtu siku hiyohiyo, bila kusubiri safari nyingine, ukiona moshi umegeuka wa bluu na oili inapungua, au mweupe na maji ya rejeta yanapungua, au oili kwenye kijiti imepanda na inanuka dizeli, au mluzi umegeuka mlio wa chuma kusaga chuma. Huo wa mwisho ni tabo inayovunjika, na tabo ikimwaga oili kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuichoma na kupanda mizunguko yenyewe. Kuzima swichi hakutasaidia. Kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya juu, achia klachi ili injini isongwe ife.

Ukitafuta fundi wa kukupimia, usimpe hadithi ya sensa. Mwambie hivi tu: gari linatoa moshi mweusi likiwa na mzigo, lilianza baada ya klachi, nataka njia ya hewa ipimwe kwa presha, na nataka namba za hewa na presha zisomwe pamoja mlimani. Akianza kwa kukutajia bei ya kipuri, endelea na safari yako; Industrial Area na Kariobangi kuna wengine.

Na ile sensa ya kwanza, ile iliyokuja na gari, iko wapi? Kama bado iko kwenye rafu ya fundi wako, ifuate leo, uifunge kwenye karatasi safi, wala usiiguse ndani. Nadhani utaihitaji.